Mke Wangu Anaiamini Taa ya Tairi, Kumbe Inasoma Bomba Chini ya Kiti

Mpendwa Bi Verna,

Miaka yote nimekuwa mtu wa kusoma safu yako ya gazetini mezani, mke wangu akishaimaliza, na kuwacheka wanaume wenzangu wanaokuandikia, na mke wangu huniambia ngoja, ipo siku yako, basi siku yenyewe imefika na nakuomba unijibu haraka, kwa sababu Alhamisi ya wiki ijayo mke wangu anampeleka mama yake mjini Saskatoon kwa daktari wa moyo, na gari atakaloendesha linamdanganya, na aliyelifundisha kudanganya ni mimi.

Nianze na magurudumu yenyewe. Baba mkwe wangu, mzee Orest, alikuwa na seti ya magurudumu manne ya majira ya baridi, matairi pamoja na rimu zake, kama ilivyo kwa kila mtu huku Kanada, manne ya kiangazi na manne ya theluji, unabadilisha uani kwa jeki mwezi wa kumi kabla barabara haijaganda. Alipoanza kuugua aliuza pikapu yake ya zamani lakini yale magurudumu akakataa kuyauza, akasema ni ya Larissa, mke wangu, ambaye ni mtoto wake wa pekee. Siku ya kuyatoa gereji alikuwa na koti juu ya nguo za kulalia na ndala miguuni, daktari alishamkataza kutoka nje, naye akayajaza upepo mwenyewe moja baada ya jingine, akapima, akapunguza, akapima tena, akafunga vifuniko vya valvu, na nilipoinama kumsaidia akamwambia binti yake mbele yangu, "Usimwachie huyu ayaguse. Grant anajaza tairi kama mtu anayejaza puto la sherehe." Tulicheka wote watatu. Theluji ya kwanza ilipoanguka tulikuwa tumeshamzika.

Basi Larissa akashika neno hilo, Bi Verna. Tangu utotoni alimwita baba yake Tato, yaani baba kwa Kiukreni cha kwao, na sasa kila kitu ni upepo wa Tato, nisiuguse upepo wa Tato, anakwenda kazini juu ya upepo wa Tato, na mimi sikuona ubaya, mtu akifiwa ana mambo yake, nikayafunga magurudumu kwenye pikapu yetu na nati zote zikaingia bila shida, ila nilipowasha gari taa ya njano ya tairi ikawaka na ikakataa katakata kuzima.

Sababu yake ni ndogo lakini imetuharibia nyumba. Ndani ya kila tairi, nyuma ya valvu, kuna kidude ambacho mafundi wanakiita sensa, kinapima upepo na kulitumia gari habari kwa mawimbi ya redio, na sensa za mzee zilitengenezwa kwa gari la zamani, zinatuma kwa mawimbi ambayo gari letu jipya halisikilizi, ni kama kumpigia mtu kwenye namba aliyoacha kuitumia. Magurudumu yanaenea, sensa hazielewani na gari. Fundi wa matairi mjini alisema dawa yake ni kuvua tairi kwenye rimu, kutoa sensa za zamani na kuweka zinazolifaa gari letu, kazi ya asubuhi moja, lakini huwezi kuvua tairi bila kutoa upepo wote uliomo, na Larissa aliposikia hivyo alichukua ufunguo mkononi mwa fundi akatoka bila kuaga.

Nikadhani ataizoea taa, wapi. Mzee hakulipenda gari letu, alikuwa akiliita kompyuta yenye matairi, kwa hiyo kila asubuhi taa ikiwaka Larissa ananiambia, "Unaona? Tato bado ana kinyongo na gari hili." Siku nyingine anasema kwa mzaha, siku nyingine nachungulia dirishani namwona ameegemeza kichwa kwenye usukani, gari linaunguruma, haendi kokote.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Rafiki yangu Lyle, tunayecheza naye kalingi, ule mchezo wa kuteleza mawe kwenye barafu, alinikuta nikinywa kahawa peke yangu ukumbini pembeni ya uwanja wa barafu, nikamweleza, naye akacheka mpaka akakohoa. "Yaani wewe unakosa amani nyumbani kwa ajili ya kitaa? Nunua sensa nne za gari lako, ziweke kwenye bomba la plastiki la maji, ziba huku na huku kwa gundi, acha valvu moja ya kujazia, jaza upepo, tupa chini ya kiti. Gari litaona matairi manne mazuri, halitauliza yako wapi. Mimi langu linaenda hivyo mwaka wa tatu."

Nikafanya, Bi Verna. Nikamwambia fundi wa matairi nanunua sensa za akiba, akaniandalia, nikazitia kwenye bomba, nikajaza, nikaliviringishia gunia na kulisukuma chini ya kiti cha nyuma, nikazungusha gari barabara ya changarawe mpaka taa ikazima. Jioni Larissa alipowasha gari akaweka kiganja juu ya dashibodi, akasema, "Ameridhia." Alilia na kucheka pamoja, usiku ule tulikula chakula cha kweli kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mimi ningesema nini, nikasema ndiyo, nadhani ameridhia.

Tangu hapo gari letu limekuwa likipima upepo wa bomba linaloota joto la hita chini ya kiti, na matairi yenyewe huko nje kwenye baridi hayana anayeyatazama isipokuwa mimi. Tairi hupungua upepo baridi inapozidi, kila mtu anajua, kwa hiyo Larissa anapopitiwa na akina mama kwenda ukumbi wa kanisa kukunja perogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, mimi natoka na kompresa naongeza kidogo kidogo, halafu nafagia alama za viatu vyangu kwenye theluji kama mwizi nyumbani kwangu mwenyewe.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi iliyopita nilipita nyuma ya gari nikaona tairi la kulia limelegea, nikainama nikaona kichwa cha msumari. Nikawasha gari kutazama. Taa kimya. Upepo wa tairi umebaki nusu na gari linaniambia kila kitu shwari, kwa sababu bomba halina msumari. Nikajaza mbio mbio, na kabla sijamaliza Larissa akatoka mlangoni na kikombe chake.

"Mbona umepiga magoti hapo?"

"Naondoa barafu."

"Yaache magurudumu ya Tato, Grant. Yangekuwa na tatizo taa ingeshawaka."

Nikasimama. Kompresa nikaisukuma chini ya gari kwa kisigino.

Alhamisi hiyo mimi siwezi kwenda nao, ng'ombe wameanza kuzaa na ndama akianguka kwenye baridi hii bila mtu anaganda pale pale. Kwa hiyo atakuwa peke yake na mama mwenye moyo mbovu, katika barabara ambayo unaendesha kitambo kirefu bila nyumba wala simu kushika, na tairi likilegea hatajua mpaka gari limvute mtaroni. Nimefikiria kulichomoa bomba kimya kimya na kumwambia sensa zimekufa, lakini taa ikiwaka tena atasema Tato amekasirika na sijui nitamrudishaje. Nimefikiria kulipeleka gari kwa fundi Larissa akiwa kanisani, libadilishwe kila kitu, asijue kamwe. Nimefikiria pia kumwambia ukweli, na hilo ndilo linalonitoa jasho, kwa sababu siku ile alipoweka kiganja kwenye dashibodi alirudi kuwa mke wangu, na nikimwambia aliyeridhia ni bomba la maji sijui atanitazama kwa macho gani. Nisaidie, Bi Verna. Nampenda, na nimemfanyia kitu kibaya kwa nia nzuri.

Ni mimi,
Grant, mwenye bomba

*

Bwana Grant,

Kwenye gazeti nitabadilisha majina yenu, ingawa tusidanganyane, wilaya yetu ina watu wachache na mtu mwenye bomba chini ya kiti hafichiki. Ndiyo maana nakutumia jibu hili leo Ijumaa, kabla ya wasomaji wengine. Gazeti linaingia kwenye masanduku ya posta Jumatano, mkeo analisoma kabla yako, umesema mwenyewe. Akiligundua bomba lako kwenye safu yangu kabla hajalisikia kinywani mwako, usiniandikie tena, maana sitakuwa na la kukushauri.

Pole kwa msiba. Nakwambia hivyo kwanza kwa sababu naona katika barua nzima hujajipa pole wewe. Mzee aliyekutania mbele ya binti yake akiwa amevaa ndala alikuwa anakupenda, na wewe pia umempoteza.

Sasa nikugombeze. Lyle mwambie nimemsikia, na mwambie bomba lake ni lake. Lyle anaishi na mbwa, anaendesha peke yake, na anajua taa yake haioni kitu, kwa hiyo huyapiga matairi yake teke kila asubuhi na kuyapima akiwa na shaka. Mkeo hana shaka. Hapo ndipo ulipokosea. Taa iliyokuwa ikiwaka bure ilimuudhi, lakini ilimwacha na tahadhari yake. Wewe umempa taa isiyowaka hata penye msumari, kisha ukamwacha aseme mbele yako kwamba anaitegemea, ukanyamaza. Unataka nikuambie ulikuwa na nia nzuri? Ulikuwa nayo. Haitamsaidia mtu mtaroni.

Hayo mawazo yako mawili ya kwanza yatoe kichwani. Ukimwambia sensa zimekufa utakuwa umeweka uongo mpya juu ya ule wa zamani. Na lile la kwenda kwa fundi akiwa kanisani ni baya kuliko bomba, nashangaa umeliandika kwa mkono wako. Ungeutoa upepo wa baba yake kwa siri, kisha ungemwacha aendelee kumshukuru mzee kwa upepo wa kompresa ya mjini, mwaka baada ya mwaka, na wewe upo pembeni unaitikia. Mwanamke akija kugundua jambo kama hilo hasamehi, nami nisingemwambia asamehe.

Usidhani namcheka Larissa. Mume wangu alipofariki aliacha makopo ya supu ya bitiruti kwenye friza, aliyoipika mwenyewe, nami nikayatunza kama dhahabu, nikawa nanunua nyama ndogo ndogo ili nisihitaji nafasi. Kiangazi kimoja dhoruba ikaangusha nguzo za umeme, makopo yakayeyuka, nikakaa jikoni nikayala yote kwa kijiko huku nalia. Yalikuwa na chumvi nyingi, kama kawaida yake. Nilijua siku zote kwamba supu siyo yeye. Mtu akifiwa hajawa mjinga, anatafuta tu mahali pa kuweka mkono.

Kwa hiyo usimwogope mkeo kiasi hicho. Larissa amelelewa na Orest, mtu wa kupima, kupunguza na kupima tena. Unadhani binti wa mtu huyo hajui kwamba hakuna tairi linalomaliza majira ya baridi ya huku bila kuongezwa upepo? Ni nani aliyeongeza, malaika? Siwezi kuapa, simjui, lakini mimi ningekuwa yeye ningeshaona theluji iliyofagiwa pembeni ya gurudumu, ilhali mume wangu hajawahi kufagia hata ngazi. Nadhani la upepo analijua, na amekuachia uifanye kazi hiyo kwa sababu inampa faraja kuona unajali. La bomba hawezi kulijua, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu angelifikiria. Hilo ndilo utamwambia.

Mwambie leo, mchana, akiwa ameshiba, na usianze na maelezo ya mawimbi ya redio. Mwambie taa ilizima kwa sababu ulitengeneza bomba, na sababu ya kutengeneza bomba ni kwamba ulishindwa kumtazama akilia. Mwonyeshe msumari. Kisha nyamaza. Atakuambia maneno, na mengine utayastahili, usijitetee hata kwa moja. Akitaka kukaa siku nzima bila kukusemesha, mpikie. Ila funguo za pikapu zikae mfukoni mwako mpaka tairi lile limezibwa, hapo hakuna mjadala, hata akiwa amekasirika namna gani.

Kuhusu gari, habari njema unayo chini ya kiti na hukuiona. Hizo sensa nne kwenye bomba ndizo hasa zinazolifaa gari lako, ulinunua dawa yenyewe ukaificha kwenye gunia. Toa upepo kwenye bomba kwanza, ndipo ulikate, polepole, usizivunje. Jumatatu nendeni kwa fundi, ninyi wawili. Aangalie kama mashina ya valvu ya sensa hizo yanakaa vizuri kwenye rimu za mzee, atoe sensa za zamani, aweke hizo, azibe pancha, kisha alifundishe gari ni sensa ipi imekaa gurudumu lipi, wana kifaa chao cha kufanyia hivyo. Mkiondoka hapo taa ikiwaka itakuwa na sababu, na ikizima itakuwa na sababu. Sensa za mzee zikitolewa fundi asizitupe. Mpe Larissa, ni vidude vidogo vinaenea mfukoni, na vilikaa ndani ya upepo ule muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Hata hivyo msimruhusu fundi atoe upepo. Kabla hamjaingia gereji, simameni nje, fungua kifuniko cha valvu kimoja baada ya kingine, na umwachie Larissa aibonyeze valvu mwenyewe upepo utoke. Matairi manne, moja moja. Itachukua muda, na baridi itawatesa, na fundi atawachungulia dirishani akidhani mmechanganyikiwa, mwache achungulie. Larissa akitaka kusema neno na baba yake aseme. Akitaka kulia alie. Wewe usiseme kwamba upepo mwingine ulikuwa wako, hata kama anajua, na usimharakishe. Msumari ulikuwa umeanza kuutoa upepo huo bila kumwomba ruhusa, afadhali atoe yeye kwa mkono wake. Uliobaki wa mzee utaondoka ukipita kwenye vidole vya mtoto wake, na hayo ndiyo maagano aliyonyimwa alipokuwa anashughulikia jeneza na chakula cha wageni.

Alhamisi aondoke na gari linalosema kweli. Weka mablanketi, koleo la theluji na chupa ya chai ya moto, na umwombe apime upepo wakisimama njiani kujaza mafuta, taa iwake isiwake. Orest aliishi karibu maisha yake yote bila sensa yoyote, na geji yake ya kupimia upepo nadhani bado iko gereji kwake, imetundikwa pale alipoiacha. Nenda ukaichukue. Hiyo ndiyo mali aliyomwachia binti yake, Bwana Grant, kuliko ule upepo.

Mkabidhi geji hiyo pale pale kwa fundi, matairi yakishajazwa, azunguke gari apime kazi ya watu. Na siku moja, wiki ijayo au mwezi ujao, utakuwa umepiga magoti kwenye theluji na kompresa yako, hadharani, naye atasimama nyuma yako na kikombe, atakuambia unajaza kama mtu anayejaza puto la sherehe. Usijibu kitu. Mpishe apime.

Bi Verna